Chuma Kilichokatwa Kando ya Muto

Waliikata! Putreli ya meta sita, chuma kizima kisicho na kovu, waliikata katikati pale ukingoni mwa muto, upande wa Kasuku, kule mujini ng'ambo, kisha wakaniletea vipande viwili huku Alunguli wakicheka meno yote inje. Mwanangu Cédric alishuka kwenye pikipiki ya kwanza, akapangusa vumbi kwenye suruali, akaniambia, "Papa, putreli imefika."

Nikamuuliza, "Iko wapi?"

Akanionyesha kipande kilichofungwa ubavuni mwa pikipiki kwa kamba ya mupira. Halafu akanionyesha pikipiki ya pili, inakuja ikiyumba na kipande kingine. Damu ilinipanda mpaka kwenye masikio.

"Hii si putreli," nikasema. "Hii ni vyuma viwili. Nani amekata?"

"Sisi wenyewe, Papa. Mwenye mutumbwi alikataa. Ulitaka tufanye nini?"

"Mungengoja!"

"Tungoje nini? Bac ya kuvusha magari imelala bila mazuti tangu Pasaka."

"Mungengoja hata mpaka Noeli! Wajinga nyinyi! Wajinga wakubwa!"

Majirani walitoa vichwa, wakaona ni mimi, wakarudisha vichwa. Watu wa avenyu yetu wamezoea. Mimi njo muzee Onema, yule mwenye kelele. Nimepiga kelele juu ya muchanga wa Djamali, masoni anayetujengea, uliojaa udongo, nimepiga kelele juu ya matofali yasiyoiva, nimemufokea padri juu ya kengele yake. Mutoto akitaka kuwachekesha wenzake anashika kiuno na kuita, "Wajinga nyinyi!" kwa sauti yangu. Kwa hiyo siku ile nilipopiga kelele juu ya jambo la kweli, nani angenisikiliza?

Muntu ambaye hajaishi huku hawezi kuelewa namna tunavyoishi na ule muto. Muji mukubwa uko kule, na kituo cha treni, na maduka ya vyuma na saruji. Sisi tuko huku. Kila kitu chetu kinavuka kwa mutumbwi: saruji, kitanda, mbuzi, hata maiti. Na wapiga kasia wana sheria yao moja ambayo hawaivunji hata ukiwalilia: kitu kirefu lazima kienee chote ndani. Hakuna chuma wala mbao itakayotangulia pua ya mutumbwi. Wanasema kikitangulia pua, muto unakiona kwanza na kinakuwa chake. Basi watu wa Alunguli tumefanya hiyo kuwa akili yetu. Mbao ndefu? Kata, tutaunganisha ng'ambo. Bomba la maji? Kata. Nusu ya nyumba za commune hii zimeungwa katikati, na watu wanalala humo wanakoroma.

Mbao sawa. Bomba sawa. Lakini putreli! Chuma kinachobeba ukuta hewani!

Niseme ilikuwa ya kazi gani. Nyumba hii niliijenga mimi, na Cédric alipooa nilimuachia, nikabaki na chumba kidogo cha mbele. Cédric anauza pano za jua na bateri sokoni, ni muntu mwenye kujituma, sikatai. Sasa alitaka kuipanua. Ukuta wa nyuma wa salo, sebule yetu, ungetobolewa karibu wote, meta tano na nusu, na nyuma yake kinaongezwa chumba kipana. Juu ya ukuta ule kuna pembe ya matofali, ule ukuta wa pembetatu unaobeba paa. Na juu ya chumba kipya Cédric alitaka dale, sakafu ya juu ya betoni, na juu ya dale tanki la maji la litre elfu moja, ili muke wake Naomie asibebe tena bidon kichwani. Hayo yote, ukuta ukishatoka, yangelala juu ya putreli ile. Na chini yake, Naomie alikuwa amekwisha kupima kwa mukono, kingekaa kitanda cha mujukuu wangu Bénie, mwenye miaka mitano.

Tani ngapi hizo juu ya kichwa cha mutoto? Mimi nilizihesabu. Wao walihesabu viti vya salo.

Kesho yake akaja fundi Franck na grupu yake, mashine ya kutoa umeme, na miwani yake myeusi. Alichomelea kutwa nzima. Siwezi kumusema vibaya, alifanya kazi safi, ule mushono ulitoka mulaini, akausugua ukang'aa. Djamali akapitisha kidole juu yake.

"Angalia, muzee. Hata kiungo huoni."

"Macho yangu hayaoni. Muzigo utaona."

"Muzee, penye sudure njo panakuwa na nguvu kushinda chuma chenyewe. Kila fundi anajua."

"Fundi gani? Mutaje! Aje hapa nimuulize!"

Djamali akacheka. Ni muntu mupole, haondoki kazini bila kunawa na kuswali, na amenivumilia miezi miwili. Lakini siku ile nilitaka kumupiga na kofia yake.

"Djamali, sikiliza. Chuma kikilala juu ya nguzo mbili, kinachoka wapi kwanza?"

"Katikati."

"Na nyinyi mumekikata wapi?"

Akapitisha kidole tena juu ya mushono. Lakini Cédric akaingia kati.

"Papa, na wewe? Miaka ishirini na tatu kwenye reli ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unaunganisha chuma na chuma, na treni nzima zinapita juu. Mbona zile hazikukatika?"

Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwa sababu ni kweli. Nilikuwa kwenye brigedi ya njia, Kindu mpaka Kibombo, na tuliunganisha reli kwa eklisi, vile vyuma viwili vinavyoshika reli na reli ubavuni kwa bolti nne. Viungo elfu na elfu. Lakini chini ya reli kuna taruma, na chini ya taruma kuna mawe, na chini ya mawe kuna inchi yote! Chini ya kiungo cha Cédric kulikuwa na hewa na kitanda.

Nilimueleza hivyo. Nilimueleza nikipiga kelele, njo kosa langu, sijui kueleza vingine.

"Weka basi nguzo katikati, chini ya mushono," nikasema. "Nguzo moja. Nitaijenga mwenyewe."

"Nguzo katikati ya salo? Watu waizunguke namna gani? Aka, Papa!"

"Waizunguke kama wanavyozunguka upumbavu wako!"

"Unaona? Unaona sasa? Unakasirika hata na mvua ikinyesha, na isiponyesha unakasirika. Niambie jambo moja tu. Umeona wapi chuma kilichoungwa kikakatika na kuua muntu? Umeona wapi?"

Nikaingia chumbani mwangu na kubamiza mulango mpaka plasta ikadondoka.

Kwa sababu niliona. Wapi niliona? Hapa. Hatua kumi na mbili kutoka ukuta ule.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, mwezi wa kumi. Mabomba ya vita yalikuwa yanapita juu ya muto, ya huku kwenda kule na ya kule kuja huku, na watu wa avenyu yetu walifunga mizigo wakaingia porini. Muke wangu Philomène alitaka twende kwao Pangi kwa miguu. Nikakataa. Nani angelinda nyumba? Nikasema nitachimba handaki nyuma ya nyumba, handaki la muntu wa reli, si vile vishimo vya watu wanavyofunika kwa migomba.

Nilivuka muto, nikachukua reli moja ya zamani iliyotupwa kule depo. Mupiga kasia akaangalia urefu wake, akakataa. Sikubishana. Niliitia alama kwa tindo, nikaipiga nyundo kubwa, ikavunjika vipande viwili. Huku Alunguli nikavigeuza, zile ncha zenye matundu ya bolti zikakutana katikati, nikazifunga kwa eklisi. Bolti nne zinatakiwa. Katika mufuko wangu wa kazi zilikuwa mbili. Nikaweka mbili. Nikailaza reli juu ya shimo toka ukingo huu mpaka ule, nikapanga mbao juu yake, na juu ya mbao udongo, udongo mwingi, kwa sababu udongo njo unazuia vipande vya bomba. Nilijisikia bwana mukubwa.

Philomène alishuka, akaangalia juu. Alikuwa na Cédric mugongoni, mwenye miaka minne.

"Baba Cédric, weka muti mumoja hapa katikati, chini ya hizo bolti."

"Tutalala wapi ukiweka muti katikati?"

"Tutalala pembeni ya muti."

Nikamuambia, "Wewe unajua nini ya chuma?"

Nilimuambia hivyo, mimi, mukubwa wa brigedi, niliyewafundisha vijana wote kwamba kiungo hakiachwi kining'inie. Nilijua. Alikuwa na haki na nilijua, na kwa sababu alikuwa na haki nikakasirika zaidi.

Mvua ilinyesha siku mbili. Udongo ukanywa maji yote. Alfajiri ya siku ya tatu kulikuwa kimya, nikatoka na bidon kwenda kwenye chemchemi, na huko chemchemini nikakuta askari, nikajificha kwenye majani mpaka wakaondoka. Bomba moja likaanguka mbali, kwenye michikichi ya kando ya muto. Ardhi ikatikisika kidogo tu. Niliporudi, ule udongo wa juu ya handaki ulikuwa umeingia chini. Reli ilikuwa imekunjika penye kiungo.

Nilimutoa Cédric. Philomène sikumutoa muzima.

Watu waliporudi kutoka porini waliona shimo, waliona kaburi, wakasema, "Pole, Onema, bomba hilo." Sikusema bomba mimi. Wao njo walisema. Mimi nilitikisa kichwa, ndiyo, na kile kichwa sijakitikisa vingine mpaka leo. Eklisi nikazitupa chooni, kwenye shimo refu. Na Cédric akakua akisimulia shuleni, kanisani, sokoni, kwamba bomba lilimuua mama yake na baba yake akamuchimbua kwa mikono miwili. Siku ya ndoa yake alisimama mbele ya watu wote, akaishika hii mikono yangu, akaiinua juu. Watu wakapiga vigelegele. Nilikaa pale natabasamu.

Munaelewa sasa? Aliniuliza nimeona wapi, ningemujibu nini? Ili kuokoa kitanda cha Bénie nilitakiwa kumunyang'anya mwanangu kitu kimoja alicho nacho toka kwangu, ile mikono iliyomuchimbua. Siku mbili nilizunguka parseli, huu uwanja wetu, kama kuku mwenye yai. Nikamufokea Djamali, nikamufokea Naomie juu ya chumvi, nikamufokea mbwa wa jirani. Nilitafuta njia nyingine. Nilienda kwa Franck peke yangu, nikamuomba aseme kwamba mushono wake si muzuri. Alinitazama kama niliyemutukana mama yake.

"Muzee, niharibu jina langu mwenyewe?"

Nikarudi nyumbani, kwa sababu neno hilo lilinigusa mahali pabaya.

Jumamosi asubuhi wakaipandisha. Walikuwa wamekwisha kujenga nguzo mbili za betoni, moja kila upande. Walikuwa wametoboa ukuta juu, wamepitisha miti ya kuegemeza paa, miti minene, Djamali alipanga vizuri. Wanaume sita wa avenyu wakaiinua putreli kwa mabega, "Hee! Tia! Hee! Tia!", ikaingia kwenye nafasi yake, ikalala sawa. Watu wakashangilia. Cédric akapanda ngazi na kuipiga kofi kama muntu anayemupiga rafiki mugongoni.

Lile lililobaki lilikuwa kuvunja ukuta chini yake, kisha kutoa miti. Wale wanaume wakaenda kunywa chai kwa jirani. Tukabaki wanne ndani: mimi, Cédric, Naomie na Djamali aliyeshika nyundo.

"Djamali, ngoja," nikasema.

"Papa," Cédric akasema, "leo si siku ya kelele. Nakuomba."

"Sipigi kelele. Wekeni nguzo katikati."

"Tumekwisha kuzungumza."

Naomie alikuwa amesimama mulangoni, mikono imejaa unga, anaangalia ule mushono juu. Ni mwanamuke asiyesema sana. Akasema, "Cédric, mimi nguzo hainisumbui. Tuiweke tu. Tutaweka hata kalenda juu yake. Kama Papa moyo wake hautulii..."

Cédric hakugeuka hata kumutazama. Akasema, "Naomie, wewe unajua nini ya chuma?"

Sijui nieleze namna gani. Ilikuwa sauti yangu. Naomie aliangalia chini, akaanza kusugua unga kwenye vidole, na Philomène pia alifanya hivyo kule handakini, aliangalia chini akaanza kufungua kitambaa cha mutoto. Nilikasirika namna ambayo sijawahi kukasirika, na si juu ya Cédric.

"Mama yako hakuuawa na bomba," nikasema.

Djamali akashusha nyundo.

"Unasema nini?" Cédric akauliza.

"Bomba lilianguka kwenye michikichi. Kando ya muto. Halikumugusa muntu yeyote. Mama yako aliuawa na reli yangu. Niliivunja vipande viwili ili ienee kwenye mutumbwi, nikaiunga katikati, bolti mbili badala ya nne, nikaiweka juu yenu. Akaniambia niweke muti chini ya kiungo. Nikamuambia maneno hayahaya uliyomuambia muke wako sasa hivi. Mvua ikanyesha, udongo ukawa muzito, ikakunjika. Uliniuliza nimeona wapi. Nimeona hapo inje, pale munapoanika nguo."

"Papa, acha."

"Siachi."

"Kila muntu anajua ni bomba. Wewe mwenyewe..."

"Mimi nilitikisa kichwa. Miaka yote hii nimetikisa kichwa! Ukitaka eklisi ziko chini ya choo cha zamani, chimba utaziona, hazina alama ya bomba wala ya moto. Mimi ni muongo, Cédric. Mimi ni mwoga na muongo, na wale wote niliowafokea hawakunikosea kitu!"

"Ya Rabi," Djamali akasema polepole, akakaa juu ya mufuko wa saruji.

Cédric alishuka ngazi. Alishuka taratibu, muguu mumoja mumoja, na alipofika chini alishika ile ngazi kwa mikono yote miwili. Nilingoja anipige. Ningemushukuru. Yeye akauliza swali ambalo hakuna muntu aliyewahi kuniuliza, kwa sababu juu ya muntu aliyepigwa na bomba hakuna anayeuliza swali hilo.

"Kama si bomba," akasema, "alikufa saa ngapi?"

Ningeweza kusema, "Alikufa palepale." Neno moja, na ningemuachia hilo angalau.

"Si palepale," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Niliporudi alikuwa anaongea. Nilimusikia kabla ya kumuona. Nilichimba na sahani, halafu na mikono."

"Anaongea nini?"

"Anakuimbia."

Naomie akaziba mudomo na mikono ile yenye unga.

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Chini yake. Alikuwa amepiga magoti, mikono chini, reli imemulalia mabegani na udongo wote juu ya reli. Wewe ulikuwa chini ya tumbo lake, umelala chali, uso wako safi kabisa. Hata muchanga machoni hukuwa nao. Akaniambia, toa mutoto kwanza. Nikakuvuta miguu. Ulipotoka, akauliza, ametoka? Nikasema ametoka. Basi akaacha."

"Akaacha nini?"

"Akaacha kushika."

Kule kwa jirani wale wanaume walikuwa wanacheka juu ya chai yao. Cédric alikuwa anaangalia mahali kati ya viatu vyangu.

"Alishika muda gani?"

"Cédric..."

"Alishika muda gani, Papa?"

"Niliondoka jua halijatoka. Nilipokutoa, lilikuwa juu ya mabati."

Akatikisa kichwa mara mbili, tatu, kama muntu anayesikiliza namba za simu ili asizisahau. Kisha akamugeukia Djamali.

"Tunaishusha."

"Tunaweka nguzo?" Djamali akauliza.

"Tunaishusha. Ukuta unabaki. Waite wale."

Djamali akatoka mbio. Cédric akapanda ngazi tena, akaweka bega lake chini ya ncha ya putreli, peke yake, kabla ya wale wanaume kufika, na mishipa ya shingo ikamusimama. Chuma kile muntu mumoja hakiwezi. Nikaenda upande wa pili, nikapanda juu ya ule mufuko wa saruji, nikainua mukono nikakamata chuma.

"Usiguse," akasema.

"Itakuangukia."

"Nimesema usiguse!"

Alipiga kelele mpaka Bénie akaanza kulia kule uwanjani. Nikaondoa mukono. Nikashuka kwenye mufuko, nikasimama katikati ya salo, na wale wanaume walipoingia walinizunguka, wakipita upande huu na upande ule.